Dole Gumba na Kiapo: Uchambuzi wa Ugomvi wa Dini Chini ya Mlima Kenya

Mtu atokaye Nyeri mjini asubuhi na mapema, akashika barabara ya Karatina na kuendelea hadi kilima cha Tumutumu, husoma kando ya njia, kwa mawe, mbao na mabati, habari za ugomvi ambao vitabu vyetu vya shule huupitia upesi kama mtu apitaye makaburini usiku. Nyuma yake ameliacha kanisa kuu la Wakatoliki wa Consolata na msikiti wa Majengo; njiani atakutana na Waanglikana na Wapresbiteri, na wale waliojitenga na wamisionari wakajiita kanisa huru la Waafrika, na Waorthodoksi, na Waakurino wenye vilemba vyeupe wakiiendea ibada yao kwa ngoma; na hapo Tumutumu penyewe ataona hospitali na shule ambazo asili yake ni Waskoti. Wote hao, akiwauliza, watamwambia kuwa wanamwabudu Mungu mmoja, na walio wengi watamtaja kwa jina moja, Ngai. Basi waligombania nini, hata wakatengana, hata wengine wakauawa?

Swali hilo nimelichukua kwa muda mrefu, na jibu ninaloliona karibu zaidi na haki ni hili: katika nchi za Mlima Kenya watu hawakugombana juu ya kuwako kwa Mungu, wala, kwa sehemu kubwa, juu ya sifa zake, waligombana juu ya nani mwenye idhini ya kumsemea. Na kila aliyejitwalia idhini hiyo, awe mmisionari, awe dola, awe mpigania uhuru, hakutosheka na moyo wa mtu, kwa kuwa moyo hauonekani, bali alitaka ushahidi wa itikadi utolewe kwa kiungo cha mwili: kidole kitiwe wino, kinywa kile nyama ya kiapo, ulimi uungame mbele ya askari. Fikira zilizo kinyume kweli kweli juu ya Mungu mwenyewe zilikuwako pia, na nitazieleza mahali pake, lakini zilikaa katika vinywa vya wazee wachache wasioandika, na makelele ya wenye kugombea usemaji hayakuziacha zisikike.

Kabla ya wageni, Mgikuyu alikuwa na Ngai wake, aitwaye pia Mwene-Nyaga, ambaye makao yake ya duniani yalikuwa Kirinyaga, mlima wenye theluji. Aliombwa na wazee chini ya mti wa mugumo wakati wa ukame au maradhi, kwa mnyama wa rangi moja, wala haikuwa adabu kumsumbua kwa haja ndogo za mtu mmoja mmoja kila kulipokucha. Hata jina hilo la Ngai lina undugu na Enkai wa Wamasai, na wanazuoni wengi huona kwamba lilitoka kwa jirani hao. Yaani watu waliotekana ng'ombe na kuozana mabinti hawakuona vibaya kushiriki jina la Muumba. Mchawi aliadhibiwa, tena vikali, kwa madhara aliyodhaniwa kuwatenda watu. Lakini hapakuwa na kanuni ya imani ya kukaririwa wala daftari la waumini, na pasipo daftari hapana mzushi wa kufutwa jina.

Daftari liliingia na wamisionari. Mwaka 1902 mapadri wa Consolata kutoka Torino, Italia, walifika Tuthu katika nchi ya Murang'a, na muda si muda wakapanda hadi Nyeri. Mwaka 1908 Waskoti wakaanzisha kituo cha Tumutumu. Waliwaleta Yesu wawili, wa Roma na wa Geneva, wasiosalimiana. Matokeo ya namna hiyo yalikwisha onekana Uganda, ambako mwezi Januari 1892, pale Mengo, Waganda waliofundishwa na mapadri wa Kifaransa na Waganda waliofundishwa na Waingereza walipigana kwa risasi, na Kapteni Lugard, aliyepaswa kuwa mwamuzi, akawagawia Waprotestanti bunduki. Huku kwetu wazungu wenyewe ndio waliotangulia kushitakiana. Mwezi Juni 1913 wamisionari wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, karibu na Nairobi, wakitafuta shirikisho ili Mwafrika asirithishwe magomvi ya Ulaya, na wakaufunga mkutano kwa kushiriki pamoja meza ya Bwana katika kanisa la Waskoti, Askofu Peel wa Mombasa akiongoza. Habari zilipovuka bahari hadi Unguja, Askofu Frank Weston alighadhibika, akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury kuwashitaki Peel na mwenzake Willis wa Uganda kwa uzushi. Mkate na divai ya jioni moja vilitosha kuwatikisa maaskofu wa dola nzima ya Kiingereza. Ajabu iko wapi, basi, ikiwa miaka kumi na sita baadaye jambo zito kuliko mkate liliipasua nchi ya Wagikuyu vipande viwili?

Jambo hilo lilikuwa tohara ya wasichana. Mwezi Machi 1929 wajumbe wa makanisa ya Kiafrika walikutana Tumutumu, wakakubaliana kwamba desturi hiyo ni mbaya na kwamba Mkristo anayeifuata atengwe na ushirika. Ilipofika mwisho wa mwaka huo, Dakta John Arthur wa misheni ya Kikuyu na wenzake walidai ushahidi: kila mshirika atie sahihi, au dole gumba kwa asiyejua kuandika, katika tamko la kuiacha tohara ya wasichana na kutojiunga na Kikuyu Central Association, chama cha siasa kilichoitetea. Alama hiyo ya kidole iliitwa kirore, na jina hilo likawaganda waliotia. Waliokataa wakaitwa aregi, wenye kukataa. Katika majuma machache waumini walitoka makanisani kwa mamia, na shule zikabaki na walimu bila wanafunzi. Vijana wakazua ngoma iitwayo Muthirigu, ya kuwakashifu wamisionari na machifu, mpaka serikali ikaipiga marufuku mapema mwaka 1930. Na mwezi Januari wa mwaka huo mmisionari wa Kimarekani, Bibi Hulda Stumpf, akauawa usiku nyumbani mwake Kijabe. Mapadri wa Consolata hawakutaka kirore, na wengi waliofukuzwa upande mmoja wa bonde walipokewa upande wa pili, jambo ambalo halikuongeza mahaba baina ya Roma na Tumutumu.

Hapa ndipo penye fundisho ambalo hatujalitafakari ipasavyo. Aregi hawakuondoka na kurudi kwenye mugumo. Waliondoka na Biblia kwapani. Agano Jipya lilikuwa limechapwa kwa Kigikuyu mwaka 1926, likasomwa na watu ambao wamisionari walidhani watalisoma kama wanafunzi, kumbe walilisoma kama wanasheria. Wakauliza: ni wapi Ibrahimu, mwenye wake zaidi ya mmoja, alipokataliwa na Mungu? Ni wapi Yesu alipoikataza tohara? Tena wakatoa hoja iliyowaduwaza wafasiri wenyewe: kwa kuwa bikira Mariamu katika tafsiri hiyo aliitwa muiritu, na muiritu katika lugha ya Kigikuyu ni msichana aliyekwisha pita jandoni mwa wanawake, basi, kwa ushahidi wa Kitabu chenu wenyewe, mama wa Bwana alikuwa ametahiriwa. Mtu aweza kuicheka hoja hii. Mimi naona ni ya kuheshimiwa. Anayefasiri Kitabu kwa lugha ya watu huwapa pamoja na Kitabu ufunguo wa kukifungulia, na ufunguo haurudi tena mkononi mwa aliyeutoa.

Ya kirore si mageni katika dunia. Mwaka 833 Khalifa al-Mamun wa Baghdad aliamuru makadhi na wanazuoni waulizwe mmoja mmoja kama wanakiri kuwa Kurani imeumbwa, kama walivyofundisha Muutazila. Walio wengi walikiri kwa hofu, na Ahmad bin Hanbal akakataa, akafungwa, na baadaye akapigwa mijeledi. Muutazila walikuwa watu wa akili na burhani, na yamkini katika mambo mengi hoja zao zilikuwa na uzito kuliko za wapinzani wao. Lakini siku walipoikubali hoja ibebwe na askari, waliipoteza, na umma ukamfuata yule aliyepigwa. Dakta Arthur, laiti angalikuwa na msomaji wa historia hiyo karibu naye, huenda angaliona njia yake inaishia wapi.

Maana kuhusu kisu chenyewe wamisionari walisema kweli. Waliwaona wanawake wakifa kwa uzazi mgumu katika hospitali zao, nasi leo tunajua zaidi ya walivyojua wao. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inakataza ukeketaji, nami ninaiunga mkono kwa moyo wote. Kosa lao lilikuwa kuugeuza uovu wa mwili kuwa kipimo cha imani na, wakati huo huo, kipimo cha utii wa kisiasa, hata mtu asiweze kuitetea ardhi yake iliyochukuliwa na walowezi bila kuonekana anakitetea kisu. Na pande zote mbili zilikuwa na kosa moja kubwa zaidi: katika barua, maazimio na nyimbo za miaka ile, msichana mwenyewe huzungumzwa tu, hasemi. Aliposema, alisema kwa namna iliyowatatanisha wote. Mwaka 1956, Meru, baraza la wazee la Njuri Ncheke, kwa kushawishiwa na serikali, lilipitisha amri ya kukataza tohara ya wasichana, na hao wasichana wakaingia vichakani wakatahiriana wao kwa wao, wakajiita Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,000 walishitakiwa. Siwezi kuwasifu kwa walilolifanya miilini mwao, na siwezi pia kujifanya sikusikia walilolisema.

Kutoka mgawanyiko wa 1929 zilizaliwa shule huru na makanisa huru. Chama cha shule hizo, KISA, kilikuwa na rais wake Johana Kunyiha, mtu wa Nyeri, na shida yao ya kwanza haikuwa fedha, ilikuwa makasisi: ni nani atakayewabatizia watoto na kuwafungisha ndoa, ilhali kila mwenye mikono ya kuwekea wengine wakfu ni mmoja wa wale waliowafukuza? Wakampata Daniel William Alexander, askofu mkuu wa kanisa la Kiorthodoksi la Waafrika huko Afrika Kusini, aliyekuja mwaka 1935, akafundisha wanafunzi, akaweka wakfu makasisi, na akaondoka mwaka 1937 akiacha nyuma yake makanisa mawili yaliyokwisha kutofautiana, lile huru lijulikanalo kama AIPCA na lile la Kiorthodoksi, ambalo mwaka 1946 lilipokewa chini ya Patriaki wa Aleksandria. Tazama jinsi watu hawa, walioitwa waasi na wapagani, walivyovuka bara zima kutafuta mnyororo halali wa mitume. Mpagani hahangaikii jambo kama hilo.

Walioenda mbali kuliko hao ni Watu wa Mungu, ambao leo tunawaita Waakurino. Walikataa misheni na siasa pia, wakakataa nguo na dawa za kizungu, wakangoja sauti ya Roho katika ndoto na mtetemeko wa mwili. Mwezi Februari 1934, katika msitu wa Ndarugu, polisi waliwaua watatu kati yao: Joseph Ng'ang'a, Samuel Muinami na John Mung'ara. Silaha zao zilikuwa pinde na mishale, na serikali ilishindwa kuamini kwamba kundi la watu laweza kukaa msituni kwa ajili ya maombi tu. Jomo Kenyatta aliwaeleza katika kitabu chake kuhusu Wagikuyu kilichotoka London mwaka 1938, kwa heshima ambayo magazeti ya walowezi hayakuwapa.

Kisha serikali ya Waingereza ikatangaza Hali ya Hatari, tarehe 20 Oktoba 1952, na hapo ugomvi wa zamani ukavaa nguo za vita. Shule huru na makanisa huru yakafungwa. Msituni Nyandarua na mlimani, wapiganaji wa uhuru waliomba wakielekea Kirinyaga na mikono yao juu, na wengine kati yao walikuwa na Biblia mfukoni. Vijijini kiapo chao kilitembea nyumba kwa nyumba. Walikuwako waliokikataa, hasa watu wa Uamsho, harakati iliyotoka Gahini, Rwanda, ikafika Kenya mwaka 1937. Hoja yao ilikuwa fupi: tumekwisha kunywa damu ya Kristo, hatuwezi kunywa damu ya mbuzi. Baadhi yao waliuawa kwa neno hilo, na wengi wao walikataa pia kuchukua bunduki za walinzi wa serikali, wakawa wanashukiwa na pande zote mbili. Upande wa pili wapo waliokula kiapo na wakapelekwa kambini, ambako walipigwa na kufanyishwa kazi ngumu mpaka waungame, na kuungama huko kukapambwa kwa mahubiri kama kwamba ni toba.

Nawaweka watu hawa pamoja makusudi, najua kwamba wajukuu wao wengine hawatapenda. Mregi wa 1929 aliyekataa kutia dole gumba, mtu wa Uamsho aliyekataa kiapo, na mfungwa aliyekataa kuungama kwa kiboko, ni ndugu. Walimwamini Mungu kwa njia zisizopatana, na kila mmoja angalimwona mwenzake kuwa amepotea. Lakini wote watatu walijua kwamba ukishauruhusu mwili wako useme lisilo moyoni, hakuna atakayekurudishia ulimi wako. Anayemheshimu mmoja na kumtukana mwingine anaheshimu chama chake tu.

Wala mipaka yenyewe haikuwa na kuta nene kama tunavyopenda kuisimulia. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao wa msituni, aliyezaliwa Nyeri na kupita katika shule ya Tumutumu, aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 kama adui mkubwa wa dola ya Kikristo, alitumia saa zake za mwisho kumwandikia Padri Marino wa misheni ya Kikatoliki ya Nyeri. Alisema anajitayarisha kwa furaha kwenda mbinguni, na akataka mwanawe asomeshwe. Nimewaona watu wakiisoma barua hiyo kwa fadhaa, kwa kuwa haimfai yule shetani aliyechorwa na Waingereza wala yule kasisi wa Kirinyaga aliyechorwa na baadhi yetu. Inamfaa mtu aliyekuwa na usiku mmoja tu.

Uhuru ulipokuja, hoja ikahamia vyuoni. Mkenya John Mbiti, kasisi aliyezaliwa Kitui, alichapisha mwaka 1969 na 1970 vitabu vilivyokusanya fikira za Waafrika juu ya Mungu kutoka makabila mamia, akionyesha kwamba Muumba mmoja alijulikana kila mahali kabla ya misheni. Okot p'Bitek wa Uganda akampinga vikali mwaka huo wa 1970: mnawavika miungu wa Afrika kanzu za Kiyunani, alisema kwa maana hiyo, mnawaita wajuzi wa yote na wenye kuweza yote, maneno ambayo mkulima wa Kiacholi hana haja nayo. Akatoa kisa cha wamisionari waliowauliza Waacholi ni nani aliyewaumba, wakakosa jibu, kwa kuwa swali halikuwa la lugha yao. Walipobadili na kuuliza ni nani aliyewafinyanga, wakajibiwa kwamba anayewafinyanga watu ni Rubanga, pepo anayepinda migongo ya vibyongo. Na tangu siku hiyo Rubanga akawa ndiye Mungu Baba wa Kiacholi. Mtu aliyekwisha kisikia kisa cha muiritu wa Tumutumu hawezi kukisikia cha Rubanga kama kichekesho. Kwa kweli, katika ugomvi huu moyo wangu uko kwa p'Bitek kuliko kwa Mbiti, ingawa elimu ya Mbiti ni pana na adabu yake ni kubwa, kwa sababu p'Bitek alikubali kwamba mtu aweza kuwa mwema na mwenye akili bila kuwa na jibu la swali la mgeni.

Tarehe 12 Machi 1970, mjini Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye riwaya yake ya mwaka 1965 ilikuwa imewasimulia walimwengu mpasuko wa 1929 kwa mfano wa vilima viwili na mto katikati, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri, watoto wa Tumutumu na Kikuyu hao, akaanza kwa kuwaambia kwamba yeye si mtu wa kanisa wala si Mkristo. Mzee mmoja akainuka na mkongojo wake, akamkemea kwa kukufuru, akamkumbusha kwamba jina lake ni James, la ubatizo. Mwandishi akaenda zake, akalifikiri neno la mzee, na baadaye akaliacha jina.

Lakini fikira zilizo mbali kuliko zote hazikutoka chuoni wala mkutanoni. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, tangu miaka ya 1970, aliwatembelea wazee wa Kenya waliosifika kwa hekima vijijini mwao, akawauliza maswali ya falsafa na kuyaandika majibu yao. Baba yake mwenyewe, Oruka Rang'inya, alimwona Mungu kama wazo la wema, wazo lenye manufaa kwa watu. Mwingine wa nchi ya Wajaluo, Paul Mbuya Akoko, alijenga burhani ya umoja wa Mungu kwa utaratibu wa maumbile: kama Wajaluo na wazungu wangalikuwa na Mungu mbalimbali, ulimwengu usingekwenda kwa kanuni moja. Na kutoka huku kwetu chini ya Mlima, Njeru wa Kinyenje aliiona dini iliyoletwa na wazungu kuwa uchawi wao, ulioushinda wa weusi; tamko la kikafiri kuliko lo lote aliloweza kulisema mregi wa 1929, lililosemwa na mzee bila fatwa ya mtu.

Wa mwisho wao ni Mmeru, Stephen M'Mukindia Kithanje, naye ndiye ninayemrudia mara kwa mara. Alipoulizwa Mungu ni nini, hakutaja kiti cha enzi wala mlima. Alianza na joto na baridi. Penye joto peke yake hapaoti kitu, na penye baridi peke yake hapaoti kitu. Vikikutana kwa kadiri, mbegu hupasuka na uhai hushika. Basi, akasema, katika mkutano huo ndipo ninapomwona Mungu. Huko Amsterdam, mwaka 1656, jumuiya ya Wayahudi ilimlaani na kumtenga kijana Spinoza, ambaye baadaye aliandika kwamba Mungu na maumbile si vitu viwili. Kithanje alikuwa amefika karibu na mlango huo huo kwa njia ya shamba lake, na hapakuwa na mtu aliyemtenga. Aliulizwa, akajibu, maneno yake yakaandikwa, na mwandishi hakumwomba atie kidole.